Kule Ndiyo Wapi?

Beda anaishi Msamala kwa dada yake, Aurelia. Haoni, lakini usimwonee huruma mapema. Anamenya viazi vizuri kuliko wenye macho, na ngoma ya kwaya ya kanisa anaipiga yeye.

Zamani walikwenda mazoezini pamoja. Mwaka huu Aurelia amefungua genge la nyanya, na Jumamosi jioni ndipo wateja hujaa. Basi akamwelekeza mdogo wake njia.

"Ni rahisi tu. Ukitoka hapa, shika njia hii, nenda mpaka kuleee, halafu kata hivi. Ukumbi wa kanisa uko pale."

Kila alipotaja mahali, alipaonyesha kwa midomo, kama tufanyavyo sote.

"Kwamba ni mbali nimeelewa," alisema Beda. "Kule yako ni ndefu. Lakini ndiyo wapi?"

"Si nimekuambia, kule."

Beda akachukua fimbo yake, akaenda. Akakata hivi kama alivyoambiwa, ila hivi yake ilikuwa ya upande mwingine. Akasikia watu wanaimba, akaingia kwa furaha. Kumbe ni kilabu cha pombe. Wakampa kiti na ngoma. Nasikia waliimba vizuri sana, ila si nyimbo za Pasaka.

Makarius, mwalimu wa kwaya, hakucheka. Alimwambia Aurelia, "Beda asipofika Jumamosi ijayo, ngoma ya Pasaka atapiga Calvin."

Calvin huyo hupiga ngoma kama mtu anayeua nyoka.

Aurelia alimweleza jirani yake, Ashura, anayeuza korosho karibu na genge lake. "Itabidi nifunge genge nimpeleke."

"Kila Jumamosi? Kwani ulimwelekezaje?"

Aurelia akarudia maneno yake, midomo mbele. Ashura akacheka mpaka korosho zikamwagika.

"Shoga, umetumia midomo, lakini mdomo haujasema kitu. Marehemu baba yangu kule Tunduru alikuwa haoni. Ukimwambia 'pale', anakujibu, 'Pale pa nani?'"

Jioni Ashura alikwenda nyumbani kwa kina Aurelia. Akamsimamisha Aurelia mlangoni, akamfunga macho kwa kanga.

"Haya, nenda kuleee, kata hivi."

Aurelia akasimama kama nguzo. "Hivi wapi?"

"Karibu kwetu, dada," alisema Beda.

"Anzia alipo yeye," Ashura alieleza. "Mgongo wake uko mlangoni. Ageukie mkono upi?"

"Kushoto."

"Vizuri. Sasa mpe kitu cha kukanyaga, cha kusikia au cha kunusa."

"Aende mpaka kwa mbuzi wa Hironimus."

"Mbuzi akihama?" aliuliza Beda.

"Basi mpaka mashine ya kusaga. Inanguruma."

"Na umeme ukikatika?" aliuliza Ashura.

Aurelia akafikiri. "Mbele ya mashine kuna kidaraja cha mbao, juu ya mtaro. Ukikikanyaga kinalia."

"Hicho hicho. Mbao hazina mgawo."

Kesho yake walipita njia nzima wote watatu. Aurelia alitaka kumsukuma Beda mgongoni. Ashura akamkataza. "Yeye ndiye akushike kiwiko. Huyu si mkokoteni."

Jumamosi ikafika. Kabla ya kwenda gengeni, Aurelia alisema polepole, midomo imetulia mahali pake:

"Ukitoka mlangoni, geuka kushoto. Mtaro uwe mkono wako wa kulia, uufuate kwa fimbo. Fimbo ikigonga mbao, geuka kulia, vuka kidaraja. Kisha panda moja kwa moja mpaka usikie kokoto chini ya viatu. Hapo mlango wa ukumbi uko mbele yako."

Beda akarudia yote bila kukosea.

Alasiri hiyo umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza. Aurelia akaanza kuchanganyikiwa, mteja akaomba nyanya akapewa bilinganya.

Kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, ngoma ya kwaya ilisikika mpaka gengeni. Pu. Pu-pu. Pu. Nyoka alikuwa anauawa.

"Ni Calvin," alisema Aurelia, akakaa chini.

Ngoma ikanyamaza. Halafu ikaanza tena, safari hii imetulia, tamu, hata yule mteja akaanza kutikisa mabega na bilinganya lake mkononi.

"Amefika," alisema Ashura.

"Amefika wapi?" aliuliza Aurelia, akitaka tu kulisikia jibu.

Ashura akaichomoza midomo kuelekea kanisani. "Kuleee."