Sauti Iliyoogopa Sindano

Ridhwani alikuwa amekaa kibarazani akinywa uji, na sauti yake, ikitokea chumbani, ikamwita mkewe aliyekuwa kando yake.

"Tausi."

Tausi aliganda. Mumewe, muuza vitenge wa Kasumulu, hakuwa na sauti tena. Saratani ya koo ilimla, mionzi ikamwokoa, akabaki wa kunong'ona. Hii ilikuwa ile ya zamani, nene, ya kuita wateja hadi ng'ambo ya mto Songwe. Nyuma yake ikaja harufu ya samaki aliyeoza.

"Umeisikia?" Tausi akanong'ona.

"Kila siku. Inanikataza kwenda kutoa damu."

Kipimo kilikuwa kesho yake. Muuguzi Anyes alishawaeleza: saratani ikirudi, huweza kuacha chembe zake kwenye damu kabla koo halijaonyesha chochote. Lakini Abdallah, kaka yake Ridhwani, akawahi kuleta mganga. Ubani ukafuka, kombe la maji ya aya likanywewa, mganga akatangaza jini limetoka.

"Basi hospitali ya nini, shemeji?" Abdallah akauliza.

Hasira ilimpanda Tausi. "Koo lilipoanza kuvimba mlimnywesha kombe mwaka mzima. Nilinyamaza. Leo sinyamazi."

Kesho yake akampeleka mumewe hospitali. Anyes alipomfunga mpira mkononi, chumba kikajaa ile harufu, Ridhwani akakakamaa, shingo ikamtutumka kama ya chura, na kutoka kwenye kinywa kilichofumbwa ikatoka ile sauti nene, ikisihi kwanza, kisha ikitukana, kisha ikiwaita marehemu wa Tausi mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka Anyes akarudi nyuma na sindano yake hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Dada Tausi," alinong'ona, "mimi naogopa."

"Na lenyewe linaogopa. Toa damu."

Anyes akatoa. Sauti ikakatika.

Majibu yaliporudi, chembe zilikuwemo, chache. Daktari akasema wamewahi, matibabu yaanze mara moja. Abdallah aliinamisha uso, akaanza kuomba radhi. Tausi akampita, akaenda kufungua duka.

Alasiri ile alikuwa peke yake dukani. Harufu ikaja kwanza. Halafu sauti, karibu kabisa na sikio lake, dhaifu sasa, kama ya mtu aliyekabwa.

"Tausi. Niache nikae naye."

Hakugeuka.

"Hukai," alisema, na akaendelea kukunja vitenge.