Kwa Nini Nyani Waliihama Mikuyu

Kila alipotoka shule, Aneth alivua viatu vyake, akavifuta vumbi na kuvipanga chini ya kitanda. Kisha alikwenda shambani peku. Viatu vilikuwa vya darasani. Kwao hakuna mtu aliyevaa viatu kwenda kulinda karanga.

Shamba la baba yake, Mzee Benjamini, lilikuwa nje kidogo ya Ushirombo, karibu na mlima wa mawe. Kundi la nyani lililala kwenye mikuyu mikubwa pembeni mwa shamba, na tangu karanga zipandwe, Aneth na binamu yake Magesa walikuwa na kazi ya kuwafukuza.

"Nyani we, nenda kwenu, karanga hizi si zenu!" Aneth aliimba akigonga debe.

"Usiimbe vizuri sana," Magesa alimtania. "Watakaa wakusikilize."

Siku moja walikuta mikuyu kimya. Nyani walikuwa wamehamia kwenye mawe ya ng'ambo ya bonde. Mzee Benjamini alicheka hadi akashika kiuno.

"Wamenitambua! Sauti hii ya Benjamini si ya kuchezewa."

Kwa furaha ya ushindi, alilihamisha dungu la kulindia, akalijenga chini ya mikuyu ile ile kwa sababu ya kivuli chake. Familia ikawa inapumzika na kula pale. Shambani hakukuwa na choo, hivyo kila aliyebanwa alizunguka nyuma ya mikuyu, akarudi.

Lakini Aneth hakutulia. "Baba, matunda ya mkuyu yameiva. Kwa nini wayaache?"

"Wananiogopa, mwanangu."

"Labda kuna chatu," alisema Magesa. Walitafuta chatu kwenye mashina na mapango, wakaambulia mijusi tu.

Aneth akiwa juu ya dungu aliendelea kuwatazama. Baada ya muda nyani wakayaacha na yale mawe ya ng'ambo, wakaenda kulala kwenye miti ya mtoni. Kule hakuna aliyewapigia debe wala kelele. Basi walikuwa wakimkimbia nani?

Wakati huo nyayo za Aneth zilikuwa zikimuwasha, hasa katikati ya vidole. Alizisugua kwenye jiwe, akasahau. Hakusahau jambo jingine: mbio. Shuleni hakuna msichana aliyewahi kumshinda, na mwaka huu alitaka kuingia kwenye timu ya kata ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Sasa kila mazoezi yalimwacha akihema. Jioni moja hata Esta, ambaye siku zote alikuwa akiuona mgongo wake tu, alimpita.

"Umekimbia kama kobe aliyebebeshwa gunia," Magesa alisema. Alipoona Aneth ameinama analia, akaketi kando yake.

Mwalimu Gregory, aliyefundisha sayansi na michezo, alimtazama ndani ya kope. Zilikuwa nyeupe.

"Timu inachaguliwa mwishoni mwa mwezi ujao," alisema. "Lakini kwanza, kesho tunakwenda zahanati. Mwambie baba aje."

Kesho yake walikuwa wote watatu mbele ya nesi Bernadina.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, binti. Mbona umepauka hivyo?"

Choo cha Aneth kilipimwa kwa hadubini. Nesi alirudi akitikisa kichwa. "Ana minyoo ya safura. Inakaa tumboni na kunyonya damu. Ndiyo maana pumzi inamwishia."

"Lakini mwanangu hali uchafu!" alifoka Mzee Benjamini.

"Safura haihitaji mdomo, baba. Mtu akijisaidia ovyo, mayai ya minyoo hubaki kwenye udongo. Udongo ukiwa na unyevu na kivuli, yanatoa vijinyoo vidogo visivyoonekana. Vinamsubiri mwenye miguu mitupu, vinapenya kwenye nyayo. Mguu haukukuwasha, binti?"

Aneth alizitazama nyayo zake. Macho yalikuwa yamemtoka kama mtu aliyeona kitu alichokipoteza.

"Mwalimu! Chini ya mikuyu! Nyani walilala pale muda mrefu, kinyesi chao kikajaa chini. Je, wanahama kwa sababu hiyo?"

Mwalimu Gregory alitabasamu. "Watu waliochunguza nyani wa porini wamejiuliza swali hilo hilo. Nao wana minyoo. Wanalala mahali kwa muda, kisha wanahama, na wachunguzi wanadhani kuhama kunawaepusha na vijinyoo vinavyozidi chini ya miti. Wakirudi baadaye, jua limeshavipunguza."

Mzee Benjamini alikohoa. "Kwa hiyo hawakuikimbia sauti yangu?"

"Walikikimbia choo chao, baba," alisema Aneth, "na sisi tukahamia."

Nesi alicheka hadi akaweka kalamu mezani. Kisha aliipa familia yote dawa ya minyoo, na Aneth akaongezewa vidonge vya kuongeza damu. "Avimeze kila siku, ale na mchicha na dagaa. Na viatu si vya darasani tu."

Jumamosi ile ile Mzee Benjamini alilitoa dungu chini ya mikuyu. Alichimba choo shambani, Magesa akitoa udongo kwa ndoo, na akamnunulia Aneth kandambili za shambani. Damu ilirudi polepole. Siku ya kuchagua timu Aneth hakuwa wa kwanza. Esta alimtangulia kwa hatua chache. Aneth alikuwa wa pili, na timu ilihitaji wawili.

Aliporudi shambani na habari hizo, alikuta nyani wamerudi mikuyuni. Magesa alikimbilia debe.

"Waache kwanza," alisema Mzee Benjamini. Aliwatazama, akalitazama na paa la choo kipya. "Sikilizeni, wanangu. Nyani hana jembe la kuchimba choo, ndiyo maana anahama. Mtu mwenye jembe, akakosa choo, na bado akakaa pale pale, huyo amezidiwa akili na nyani. Mimi nilizidiwa. Ninyi msikubali."

Nyani mmoja alishuka, akang'oa shina la karanga.

"Haya," alisema Mzee Benjamini, "sasa pigeni debe!"