Nafasi ya Kocha

Ilianza na neno moja la kijani chini ya jalada la gemu: Inachezwa.

Hakuna aliyekuwa akicheza. Pedi ya kuchezea ilikuwa mezani, na Kocha, kaka mtu, alikuwa amelala kwenye kochi mchana kweupe. Jina hilo alilipata kwa kuwafokea wachezaji wa kwenye skrini kana kwamba wanamsikia.

Siku iliyotangulia, dada yake alikuwa amebadilisha majalada ya gemu zote za kwenye kompyuta yao. Yale ya awali yalimchefua: wanaume wenye bunduki waliokunja nyuso, na wanawake waliochorwa kama vile baridi haiwahusu. Aliyaondoa, akachora yake. Gemu aliyoipenda Kocha, ya mtu anayetafuta njia ya kutoka chini ya ardhi, akaiwekea Kocha mwenyewe. Alimkata kutoka kwenye picha ya familia, akamsimamisha mbele ya mlango mweusi.

Kwa haraka zake hakutengeneza nakala. Picha ya familia ikahifadhiwa ikiwa na tundu lenye umbo la kaka yake, na mkono wa mama ukiwa umeshika bega ambalo halipo.

"Umenitoa kwenye ukoo," Kocha alitania. "Na urithi wangu je?"

"Urithi gani, soksi?"

Kocha alicheka, akaenda kujilaza. Hakuamka tena sawasawa. Daktari alisema vipimo ni safi. Pumzi tu ndiyo ilizidi kupungua.

"Ndiyo matokeo ya mtoto wa kike kuachiwa kompyuta," alisema mjomba.

"Mjomba, kuna mtu anakufa hapa. Lawama zipange foleni."

Dada alizima gemu, neno la kijani likarudi. Alichomoa waya wa pedi, lakini vitufe vikawa vinabofyeka vyenyewe, taratibu, tk, tk, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda kutoka kwenye kochi, na alipofungua picha ya familia aone kama anaota, tundu halikuwa tupu tena, kitu cheusi kilisimama pale kikilijaza umbo la kaka yake mpaka ncha za vidole, na mkono wa mama ulikuwa umekishika bega.

Mama alimleta mganga, mwanamke mpole aliyevua viatu mlangoni. Hakumgusa mgonjwa. Aliitazama picha ya familia kwenye skrini.

"Nani alimtoa hapa?" alinong'ona.

"Mimi."

"Ukaacha wazi. Jini amepata pa kukaa, na ndugu yako yuko huko alikokuwa jini. Mrudishe. Lakini mpaka ageuke umwone uso. Asipogeuka, hujui unamrudisha nani; usiguse kitu."

Kwenye jalada, Kocha sasa alikuwa amewapa mgongo.

"Kaka, geuka," dada alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuwekea uso wowote unaotaka. Geuka tu."

Mgongo haukutikisika. Kwenye kochi pumzi ilikatika, ikarudi, ikakatika, na mama akaanza kumwita mwanawe kwa jina la utotoni, na mjomba, yule yule wa lawama, akapiga magoti, na mganga akawa anasema ngoja, ngoja mwanangu, lakini nani angengoja, nani mwenye ndugu mmoja angekaa mikono mapajani akisubiri picha igeuke. Dada akaukata ule mgongo, akaubandika kwenye tundu, akahifadhi, kisha akalirudisha jalada la awali ili mlango ule usionekane tena milele.

Kocha akaketi. "Kuna chakula?"

Mama alimkumbatia akilia. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mganga peke yake alikuwa anavaa viatu.

"Mbona wa baridi hivi, mwanangu?" mama aliuliza, akiondoa mkono begani.

Kwenye skrini, yule mwanaume wa bunduki alikuwa amekunja uso kama zamani. Chini yake, neno la kijani. Na mezani, pedi isiyo na waya ilikuwa inabofyeka kwa kasi, vitufe vyote kwa pamoja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango ambao muda si mrefu ulikuwepo.