Matanga ya Koko Domitille

Kila asubuhi, jua linapochungulia juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, Noella alikuwa amekwisha kuchota maji na kupiga pasi sare yake nyeupe. Kisha alifungua dirisha, akatandika vitenge juu ya kitanda na kuvipiga picha mwanga ukiwa bado mzuri. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Uvira, na aliishi kwa mama yake mdogo katika mtaa wa Kavimvira, karibu na mpaka. Vitenge alivipata kwa akina mama wanaovuka mpaka na mizigo, akaviuza kwenye WhatsApp kwa jina la Maua Vitenge.

Biashara hiyo aliifanya kwa laini ya pili, ambayo wenzake darasani hawakuijua. Wateja wengi walidhani Maua ni mama mtu mzima mwenye duka kubwa, nao walimwamkia kwa heshima zote. Noella alicheka peke yake kila alipoitwa mama.

Hakuna aliyemkataza kuuza. Alificha kwa sababu ya Koko Domitille, bibi yake mzaa mama, aliyemlea kule Lemera milimani na ambaye hadi leo aliuza maharage yake ili mjukuu asome. Siku Noella alipoteremka kwenda chuoni, koko alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Masomo kwanza, mwanangu. Mengine yatakukuta njiani." Noella aliitikia. Alipoanza kuuza vitenge alijiambia kwamba angemweleza baadaye, na hiyo baadaye ikawa haifiki.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Aliwajibu wateja wakati wa mapumziko na jioni akashika vitabu. Lakini wateja waliongezeka, na mteja hapendi kungojeshwa. Noella akaanza kuwajibu chini ya meza wakati wa somo. Siku moja Madamu Generose, mwalimu wa mafunzo ya vitendo, alisimama nyuma yake.

"Noella, hiyo simu ndiyo mgonjwa wako wa leo? Homa yake iko ngapi?"

Darasa zima lilicheka. Noella naye alicheka, ingawa masikio yake yaliwaka moto. Kesho yake simu ilikuwa chini ya meza vilevile.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo, siku ya kupima tansiyo, yaani shinikizo la damu, na kudunga sindano mbele ya Madamu. Asiyefika bila sababu nzito angerudia mwaka mzima. Noella alikuwa amevaa sare tayari simu ilipolia. Ilikuwa familia moja yenye arusi, wamefika Kavimvira na gari, wanataka kitenge cha ukoo mzima. Aliwaomba wasubiri hadi mchana.

"Mama Maua," mwanamke wa upande wa pili alisema, "sisi tuko wasafiri. Ukichelewa, tutanunua kwa wengine."

Noella alisimama katikati ya chumba. Ilikuwa komande, oda ya vitenge, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Afanye nini? Akisema anaumwa, chuo kitadai karatasi ya daktari. Msiba, kwa upande mwingine, hauombewi karatasi. Nani atamwambia mfiwa alete ushahidi? Akaandika haraka, kabla moyo haujamkataza: "Madamu, koko yangu amefariki Lemera. Ninapanda sasa hivi. Unisamehe."

Jibu lilikuja kabla hajafika mlangoni. "Pole sana, mtoto wangu. Nenda umlilie koko yako. Mtihani utaufanya ukirudi."

Aliuza karibu vitenge vyote siku ile, na alirudi nyumbani bila furaha hata kidogo. Kila alipojaribu kufurahi aliona uso wa Koko Domitille, na uso huo ulikuwa hai, ukitabasamu.

Kile alichokisahau ni kitu ambacho kila mtoto wa Uvira anakijua. Kwetu, mtu akifiwa haachwi peke yake. Wenzake hujipanga, hushona au hujifunga kitenge cha namna moja, hubeba chakula na kwenda kukaa naye kwenye matanga. Jioni ileile simu ilianza kulia pole baada ya pole. Délice, rafiki yake mkubwa, alimtumia sauti akilia kweli: "Noella, ile koko uliyetuambia habari zake? Mwenye kukutumia maharage? Ee Mungu!" Halafu Thierry, kiongozi wa darasa, akaandika kwa kifupi kwamba darasa lote litapanda Lemera Jumamosi.

"Msijisumbue," Noella alijibu upesi. "Mvua imenyesha. Njia ni mbaya sana."

"Weye umepanda na kilio," Thierry alijibu, "sisi tutashindwa namna gani?"

Mambo hayakuishia hapo. Kesho yake ujumbe uliingia kwenye laini ya biashara, na jina la mwandishi lilimfanya Noella aketi chini. Alikuwa Délice.

"Jambo mama wa vitenge. Tuko wanafunzi. Mwenzetu amepoteza koko yake, tunatafuta kitenge kimoja cha kuvaa wote kwenye matanga. Huyu mwenzetu iko muntu mwema sana, aliniandikia daftari zangu nilipougua malaria. Tafadhali utuchagulie kizuri."

Noella aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Aliviangalia vitenge vya bluu nzito vilivyobaki kitandani, vizuri, vya kufaa kabisa kwa msiba. Mtu mwenye akili angesema kweli papo hapo. Noella alifanya jambo jingine: akavifunga vitenge vile, akampa mtu wa pikipiki avipeleke, akaandika kwamba ni zawadi, Maua hauzi vitenge vya matanga. Alidhani kwa kufanya hivyo mzigo utapungua.

"Mungu akubariki mama yetu!" Délice aliandika. "Tumeamua tutakutaja kwenye maombi, mbele ya kaburi."

Noella alizima simu zote mbili. Aliona aibu hata ya kujitazama kwenye kioo.

Ijumaa alipanda Lemera kweli. Njia nzima, juu ya pikipiki na baadaye kwa miguu kwenye matope, alikuwa akipanga maneno. Alimkuta Koko Domitille uani, ungo mapajani, akichambua maharage. Mama yule mzee aliinuka kwa haraka hadi maharage yakamwagika.

"Noella! Mungu wangu, mbona hukunitumia habari? Uko muzima? Umekula?"

"Niko muzima, koko." Alimkumbatia akahisi joto la mwili wake na harufu ya moshi wa jiko, na machozi yakamjia. Akayameza. "Koko, kesho wenzangu wa chuo watakuja huku."

"Kesho? Kuniona minye?" Koko alipiga makofi. "Basi nitapika bugali na maharage. Na yule jogoo mkorofi, siku yake imefika!"

"Hapana, koko. Nilikuwa nawaza... ungeenda kumsalimia dada yako kule Rurambo. Uondoke asubuhi sana. Urudi Jumapili."

Koko Domitille aliacha kupiga makofi. "Wageni wanakuja kuniona, halafu ndiyo nitoke? Juu ya nini? Unaona haya na nyumba yangu?"

Noella angeweza kusema ndiyo, na uongo mwingine ungezaliwa. Lakini swali lile lilimchoma kuliko yote. Koko alidhani anaonewa haya! Noella alipiga magoti palepale kwenye maharage yaliyomwagika, akamweleza kila kitu: vitenge, laini ya pili, familia ya arusi, mtihani, ujumbe kwa Madamu. Neno la kifo ilibidi aliseme mara mbili.

Koko hakupiga kelele. Alichukua ungo, akaanza kuokota maharage moja moja. Kisha aliuliza, "Nilikufa na nini?"

"Walipouliza nilisema moyo, koko."

"Moyo." Aliendelea kuokota. "Na jeneza, nilipata?"

Noella alilia kwa sauti. Koko alimwacha alie hadi atosheke, kisha akasema, "Rurambo siendi. Kesho nitawapokea mwenyewe. Na weye ndiye utasema. Minye marehemu, siwezi kusema."

Jumamosi wimbo ulisikika kabla ya watu kuonekana. Walikuwa wakipanda kilima wakiimba wimbo wa kanisani wa kumsindikiza marehemu, wamejifunga vitenge vya bluu, matope hadi magotini, wengine wamebeba mchele na sukari kichwani. Délice alikuwa mbele. Nyuma kabisa, akihema na kushikilia fimbo, alikuja Madamu Generose mwenyewe.

Koko Domitille alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake ya Jumapili. "Karibuni, wanangu. Karibuni kwenye matanga. Mnamlilia nani?"

"Tunamlilia Koko Domitille," Thierry alijibu kwa huzuni, akiwa ameinamisha kichwa. "Na weye, koko, uko dada yake?"

"Hapana. Minye ndiye Domitille."

Wimbo ulikatika. Wote waligeuka kumtafuta Noella, na Noella alitoka ndani. Aliwaambia. Hakumlaumu mteja, wala mtihani, wala mvua. "Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nauza vitenge siku ya mtihani. Nilisema uongo, na niliendelea kuusema hata mlipoanza kunihurumia. Nawaomba msamaha, na Madamu namwomba msamaha, na koko yangu kuliko wote."

Délice alikishika kitenge chake kiunoni. "Na ule mama aliyetupa hivi?"

"Ni minye."

Délice alikifungua kitenge kile, akakikunja taratibu, akamwekea Noella mikononi, kisha akaenda kuketi mbali, ukutani. Matusi yangekuwa nafuu. Wengine walinung'unika, mmoja akasema kwa sauti kwamba alimnyima mama yake sukari ili ailete huku, na Noella alisikia kila neno.

Madamu Generose aliketi kwenye kigoda, akafuta matope kwenye viatu. "Siku ile ungeniandikia 'Madamu, kuna wateja', ningekasirika," alisema. "Ningekugombeza mbele ya wote, kisha jioni ningekuwa nimesahau. Noella, kesho utakuwa muuguzi. Utampima mgonjwa tansiyo, umwambie iko sawa, naye atalala usingizi kwa sababu amekuamini. Nikupe wagonjwa namna gani? Kwa sheria ungerudia mwaka, lakini kwa kuwa umekiri mwenyewe, mtihani utaufanya pamoja na wale walioshindwa, na alama ya nidhamu huipati mwaka huu."

"Ndiyo, Madamu," Noella alijibu.

"Sasa mmemaliza kulia?" koko aliuliza. "Chakula kitapoa. Sijawahi kusikia muntu anapika kwenye matanga yake, lakini leo ndiyo hivyo."

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, na mwishowe uwanja wote, isipokuwa Délice na Noella. Noella alizunguka na maji ya kunawa kutoka kwa mgeni mmoja hadi mwingine. Alipofika kwa Délice, alipiga goti. Délice alinawa bila kumtazama. Alikula, hata hivyo, na akaomba kuongezewa maharage.

Noella aliufanya mtihani wake mwishoni mwa muhula, akafaulu kwa alama za kawaida. Biashara hakuifunga. Aliitoa gizani: jina lake na picha yake viko pale, na wateja wote wanajua kwamba wakati wa masomo Maua Vitenge hajibu. Baadhi waliondoka, wengi walibaki, na wawili watatu walimpongeza. Délice alikaa wiki nyingi akimsalimia kwa mbali. Kisha siku moja alikuja kuketi kando yake darasani kama zamani na kumuuliza kama ana kitenge chenye ndege.

Likizo ilipofika, Noella alipanda kumpelekea koko habari. Walichambua maharage pamoja uani, ungo mmoja kati yao. Ndipo Koko Domitille alipoingia ndani akarudi na kitenge cha bluu, kile alichokirudisha Délice, bado kimekunjwa.

"Kuuza si kosa," alisema. "Minye nimeuza maharage maisha yangu yote, na weye umesoma kwa hayo maharage. Kila kazi uipe saa yake, na zikigongana, umwambie muntu kweli, hata kama atakasirika. Hiki kitenge nakiweka kwenye sanduku langu."

"Cha nini, koko? Nakuletea kingine, kizuri zaidi."

"Hiki ndicho nakitaka. Siku moja nitakufa kweli, Noella. Utawaandikia wenzako maneno yaleyale, 'koko yangu amefariki'. Kazi yako, toka leo hadi siku ile, ni kuishi namna ambayo wakiyasoma, watakuja."