Picha ya Nyigu wa Dirishani

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja. Binti yake akaingia kutoka shule, hata salamu hakutoa.

"Mama, Ijumaa kila mtoto apeleke picha ya kiumbe hai wa nyumbani kwake. Zitabandikwa ukutani, wazazi waje kuziona. Asiye na picha, nafasi yake itabaki wazi na jina lake chini."

Fundi akasimamisha mashine. Alipokuwa na umri huo, mwalimu aliwaambia viumbe wa kutazamwa wako mbugani. Basi la kwenda huko likaja, likajaa watoto wa wakubwa. Yeye akaachiwa darasa alifagie. Leo ana miaka arobaini na moja, na namba ya lile basi anaikumbuka.

"Nafasi yako haitabaki wazi," alisema.

"Kuna nyigu anajenga kwenye fremu ya dirisha, mama."

"Nyigu? Watu waone uchafu wetu? Picha ni heshima. Tutampiga picha kuku."

Basi kuku akaogeshwa kwa sabuni. Akafungwa utepe mwekundu shingoni, akakalishwa kwenye kigoda. Simu ikamulika mwanga wake, pah! Kuku akaruka, akatua juu ya suruali ya mteja. Akaacha alama, na haikuwa ya chaki. Picha ilipotazamwa, ilikuwa na ncha ya utepe bila kuku.

Jirani yao alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Huyu alipiga picha za pasipoti na vitambulisho. Mtaa mzima ulimwita Usicheke, maana ndilo neno alilowaambia watu kwa miaka thelathini. Sasa mwenyewe alikuwa ameshika mbavu.

"Dada, huyo kuku anaolewa lini?"

"Kachekee kwako, kaka. Mtoto anatakiwa apeleke shule picha ya kiumbe hai."

"Basi mpigeni alivyo, akiwa kwenye shughuli zake. Hamna mwingine?"

Binti akaonyesha dirisha. Fundi akawahi ufagio, akiangushe kile kiota cha udongo kabla jirani hajakiona vizuri.

"Weka ufagio chini, dada. Tazama kwanza. Habari ya lile basi umenisimulia mara ngapi? Waliokwambia viumbe wako mbali walitaka tu usiwaulize nafasi kwenye gari."

Fundi akatazama. Nyigu alikuja na kidonge cha udongo mbichi. Akakibandika, akakilainisha, akaondoka.

"Anapiga lipu," fundi akasema polepole. "Tena hana pimamaji. Na kiuno kile, mkanda wake ningetumia uzi mmoja."

Usicheke akaruka ukuta, akamgeukia binti.

"Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Zima ule mwanga, jua linatosha. Jua liwe mgongoni kwako, ila kivuli chako kisimfikie. Usimkuze kwa vidole, picha itafifia. Sogea kwa miguu, taratibu. Ukibakiza hatua mbili kumfikia, simama. Usimguse yeye wala kiota, atakuchoma. Inama, macho yako yalingane naye. Bana viwiko mbavuni, simu isitikisike."

"Ameshakwenda, mjomba."

"Kafuata udongo. Atarudi palepale. Kazi ya mpiga picha ni kusubiri. Mimi nimesubiri watu wanune maisha yangu yote."

Wakachuchumaa wote watatu. Nyigu akaja, akaenda. Binti alipiga picha thelathini na tisa mbovu. Ya arobaini ilimpata nyigu na kidonge chake mdomoni, hata miguu yake ukitaka unaihesabu.

Ijumaa picha hiyo ilikuwa katikati ya ukuta wa shule. Bwana mmoja mwenye tai akasimama mbele yake.

"Hii mmemwita mtaalamu kutoka wapi?"

"Nimepiga mimi," binti alisema. "Dirishani kwetu."

Fundi alimkazia macho yule bwana mpaka akavaa miwani, akainama, akasoma jina la mtoto herufi kwa herufi.

Jumatatu mama mmoja alikuja kupimwa gauni. Alimkuta fundi amelala kifudifudi kando ya mtaro, simu mkononi. Mbele yake konokono alikuwa anapanda jiwe.

"Fundi, umeanguka? Nimekuja kupimwa."

"Kaa hapo kwenye kigoda," fundi alijibu bila kugeuka. "Huyu ametangulia."