Uso Uliotokeza

Jioni ile Yasmin alibaki kwenye duka lake la darizi kwa jambo moja tu, kumsubiri mteja aje achukue kazi yake. Angemkabidhi, angefunga mlango, angemwamsha mwanawe Raya, wapitie mchicha sokoni, waende nyumbani. Basi. Lakini siku ya mtu aliyesema uongo haiishi kirahisi hivyo, na Yasmin alikuwa amesema uongo.

Mwenyewe aliuona mdogo.

Wiki moja nyuma alikuja bibi kutoka Kinole, kule milimani, Bi Chausiku, asiyeona macho yote mawili. Jirani aliyemshika mkono alibaki nje kulinda mzigo wao wa ndizi. Bibi alinukia karafuu na mdalasini, kama watu wa kule wakati wa kuanika viungo. Akatoa bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na picha ya mjukuu wake Faraja, wa miaka saba, aliyekufa kwa homa miezi kadhaa nyuma, wakati bibi mwenyewe amelazwa. Walimzika bila yeye kumgusa.

"Nasikia mashine yako inatoa vitu vikasimama juu ya nguo," alisema. "Nitolee uso wake. Nimpapase mara moja tu, nimuage. Nilimwahidi."

Kazi hiyo Yasmin aliijua sawasawa. Kwenye kompyuta unaipanga picha sehemu kwa sehemu, hapa mshono mnene, hapa mwepesi, huku nyuzi zilale kushoto na kule zilale kulia ili mwanga uzigawe. Panapotakiwa kuinuka, unatandika sponji, kisha mashine ya darizi inapita juu yake na kuibana kwa uzi. Nembo za shule alizodarizi zilitokeza hadi watoto wakawa wanazitomasa vifuani kwa wenzao.

Taabu ilikuwa picha. Mvua ilishaipitia. Gauni lilionekana, viatu vilionekana, lakini usoni palibaki doa jeupe. Na palipo na doa, kompyuta haijui pua iko wapi.

Yasmin hakuwa na moyo wa kumwambia kipofu kwamba picha anayoikumbatia miezi yote hiyo haina uso.

"Inaonekana vizuri, bibi," alisema.

Bibi alipoondoka, Yasmin alichukua simu, akatafuta picha ya Raya, miaka saba vilevile, akaiingiza kwenye programu. Mashavu akayapa sponji tabaka mbili. Pua, tatu. Mtoto ni mtoto, alijiambia. Pua ni pua.

Ee Yasmin. Tangu lini?

Sasa ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Uluguru mpaka kwenye mabati ya mwisho ya mji. Raya alilala kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia, amechoka na shule. Kitambaa cheupe kilikuwa tayari, bado kimebanwa kwenye fremu yake. Kompyuta ilikuwa inawaka. Programu ile inakuruhusu kuuzungusha uso, uuone na ubavuni, kabla hujashona. Asubuhi Yasmin aliuacha umetazama dirishani.

Ulikuwa umetazama chini ya meza.

Akaurudisha. Akaenda kuchukua kufuli. Akageuka…

Chini ya meza. Kule alikolala Raya.

Yasmin alizima kompyuta. Hapo ndipo alipoisikia ile harufu. Karafuu… mdalasini… na chini yake, udongo uliolowa.

"Hodi."

Bi Chausiku alisimama mlangoni. Safari hii hakushikwa mkono na mtu.

"Karibu, bibi. Shikamoo. Nani kakuleta?"

"Marahaba. Faraja. Alinitangulia njia nzima, hapa mlangoni ndipo nimempoteza."

Yasmin alimvutia kiti. Akamkalisha, akamwekea fremu mapajani. Vidole vya bibi vilianzia kwenye paji la uso. Vikashuka kwenye nyusi, vikapita mashavuni. Kwenye pua vikasimama. Vikarudi. Kisha akaiondoa mikono yake kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu nani?"

"Faraja, bibi."

"Pua ya Faraja naijua, nimeifuta kamasi miaka saba. Huyu ni mtoto wa nani?"

Yasmin alichuchumaa mbele yake. Akaeleza yote kwa sauti ya chini, picha, mvua, simu, Raya. Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama wee," alinong'ona. "Tulishamwita. Ijumaa tulitambika, tukamwambia uso wako uko mjini kwa Yasmin, ingia humo, bibi akuage. Mfu hachagui, mwanangu. Anaufuata uso aliopewa."

"Na mwenye uso?"

Bibi alipapasa ukingo wa fremu.

"Bibi, mwenye uso anakwenda wapi?"

"Sijui. Kwetu haijapata kutokea."

Fundi akikosea, anafumua. Yasmin alinyakua wembe, akakata uzi mmoja kwenye nyusi.

Chini ya meza, Raya alipiga ukelele.

Yasmin alimvuta nje. Juu ya jicho palikuwa na mchirizi wa damu, mwembamba kama uzi. Mtoto alimtazama usoni muda mrefu. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye fundi?"

Kisha akamwona bibi, akaenda kuegemea magoti yake.

"Bibi, mbona umechelewa?"

Bi Chausiku aliondoka akilia, bila kitambaa, na bila mtoto, kwa sababu Yasmin hakumwachia. Aliahidi kuwauliza wazee wa ukoo. Huu mwezi wa pili, jibu halijashuka.

Mtoto yupo nyumbani. Anakula, anakwenda shule, ana adabu kuliko alivyokuwa Raya, na adabu hiyo inamuua Yasmin. Kila jioni anauliza lini atapelekwa kwao. Yasmin anamjibu, kesho. Halafu anaingia chumbani alikoihamishia ile fremu. Hajakitoa kitambaa, hathubutu kukifua wala kukikunja. Anaweka kiganja juu ya ule uso. Shavu lina joto. Puani panatoka pumzi ndogo. Siku nyingine, chini ya jicho, uzi umelowa.

"Mama yupo," anamwambia Raya. "Mama yupo hapa."

Lakini liko jambo mafundi hawawaambii wateja. Sponji hulala. Hata usipoigusa, inapungua siku hadi siku, mpaka kilichotokeza kinabaki bapa. Juzi mashavu yalikuwa yameshuka. Leo Yasmin alipapasa katikati ya uso, akapapasa tena, pua hakuipata. Akaacha kiganja pale, akisubiri pumzi.

Akasubiri…

Mlango ulifunguliwa taratibu nyuma yake.

"Mama fundi," sauti ya mwanawe ikauliza, "kesho imefika?"