Mpangaji wa Taa Kuukuu

Taa mpya zilikuwa hazijamaliza hata siku moja pale juu, mpiga pasi alipoanza kugombana na mtu asiyekuwepo.

"Sogea bwana, nitakuunguza," alisema, pasi ikiwa mkononi. Kisha akainua uso, akakuta mbele yake hakuna mtu, ila rundo la kaptura za shule zilizokuwa zikingoja kunyooshwa. Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia aende akale, njaa haina adabu. Na yeye akacheka, lakini alihamisha meza yake akaibana ukutani, na siku nzima hakuupa ukumbi mgongo.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha kushona sare, chini ya ardhi, chini ya jengo la maduka. Dirisha hakina. Asubuhi na adhuhuri humo ndani ni kitu kimoja, na taa zikizimwa huoni hata kidole chako. Miaka nenda miaka rudi walishona chini ya tyubu ndefu za kizamani, ncha zimeungua zikawa nyeusi, zinavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Msimamizi wao alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Mkasi, kwa sababu ndiye aliyekata vitambaa, na kwa sababu ulimi wake ulikata zaidi. Ndiye aliyempigia kelele tajiri kuhusu zile taa mpaka tajiri akaona bora alete fundi umeme kuliko kuendelea kumsikiliza.

Fundi alipanda juu ya meza ya kukatia, akatoa stata za kuwashia tyubu, akang'oa zile choki, visanduku vizito vya kudhibiti umeme vilivyonuka lami iliyoungua, akaunganisha nyaya moja kwa moja na kuchomeka tyubu za LED. Za zamani alizipeleka jalalani, akazivunja zote.

"Hizi za zamani, Mama, zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, haraka mpaka jicho halijui," alieleza akijifuta vumbi. "Ndiyo maana vichwa vilikuwa vinawauma. Hizi zinawaka tu. Humu hakuna giza tena, hata la kulamba."

Mama Mkasi alimshukuru. Laiti angejua, angempiga kwa zile choki zake.

Baada ya mpiga pasi, akafuata mshona kola. Baada yake, wale wawili wa mifuko. Hakuna aliyetaka kusema kwanza, maana nani anataka kuitwa mwehu kazini? Walikuja mmoja mmoja kwenye meza ya kukatia, wakajifanya wanauliza habari ya uzi, wakanong'ona. Wote walisema jambo moja. Ukitazama, humwoni. Ukipepesa macho, katika ule weusi mfupi wa kope kushuka na kupanda, yupo. Mrefu, kichwa kimeinama kwa kuwa dari halimtoshi. Na ukifumba macho kidogo tu unasikia mvumo wa zile taa zilizovunjwa, na pua inapata harufu ya lami iliyoungua, ilhali choki zote zilishakwenda na fundi.

"Amekutazama?" Mama Mkasi alimuuliza mpiga pasi, akijitia kudhihaki.

"Hapana, Mama. Mimi ananipa mgongo."

"Na wewe?" alimgeukia mshona kola.

"Ananipa ubavu," alijibu, sauti chini kabisa. "Anaelekea kule kwenye ovaloki."

Kule kwenye cherehani ya ovaloki alikuwa amekaa binti yake Mama Mkasi, mtoto wake wa pekee.

Mama Mkasi alifumba macho makusudi, akafumbua, akafumba tena, na kila alipofumba aliona ule mgongo mrefu, na kila mara ulikuwa umesogea kidogo kuelekea kwa binti. Akamwendea mbio akamshika bega. Binti hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, kwa sababu alikuwa amejizuia kupepesa tangu asubuhi.

"Mama, mimi ananitazama usoni," alisema. "Kila nikipepesa anapiga hatua. Nifanyeje nisipepese?"

Katika kiwanda kile mtu mmoja tu hakuwa na habari na lolote: mdogo wake Mama Mkasi, ambaye surua ilimpofusha akiwa mtoto. Alikaa pembeni na mabakuli yake, akishona vifungo kwa ncha za vidole, na hakuna mwenye macho aliyemfikia kwa kasi. Ndiye aliyemlea binti tangu akiwa mchanga, mama mtu akiwa kazini. Alimwogesha, akamlisha, akaujua uso wake kwa viganja kama mtu anavyojua njia ya kwao. Alipoambiwa wenzake wanaogopa nini, alicheka mpaka akadondosha kifungo.

"Kwangu asije," alisema. "Giza langu ni langu peke yangu, sipangishi mtu!"

Walicheka naye kwa woga. Mama Mkasi hakucheka, na maneno yale yalimkaa.

Wakamtoa binti kiwandani, wakamrudisha nyumbani kwenye jua na madirisha wazi, wakidhani jini ni wa kule chini na atabaki huko na mashati yake. Haikusaidia. Yule alikuwa ameshatoka kwenye taa, alikuwa sasa kwenye kope zenyewe, na binti aliketi uani mchana kweupe, amejibandika kope kwa utepe wa gundi zisishuke, macho mekundu yamekauka yanatoa usaha pembeni, na kila utepe ulipoteleza kwa jasho na kope zikashuka japo mara moja, alipiga ukelele, kwa kuwa yule alikuwa ameshafika karibu kiasi cha kuhesabika meno. Kulala ndiyo kabisa hakuthubutu. Alisema mtu akilala anampa yule usiku mzima wa kutembea, naye yule alikuwa amebakiza hatua chache.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Mkasi alimwacha mdogo wake amshike binti mkono, akaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene asiye na subira, akianika nguo uani kwake. Hakumkaribisha hata kiti. Alimsikiliza huku kabana vibanio mdomoni, akavitoa pale tu alipotaka kusema.

"Mlimfungulia wenyewe," alisema. "Zile taa zenu zilikuwa zinazima na kuwaka, si ndiyo? Alikuwa anakaa kwenye huko kuzima. Giza fupi, hapati nafasi hata ya kuinua mguu. Jela nzuri kabisa. Mmeivunja, akaenda kutafuta giza jingine linalofunguka na kufungika. Ni lipi? Kope. Na kope ni nzito, mwanangu, zinampa muda wa hatua nzima."

"Turudishe taa za zamani, bibi?"

"Urudishe jela, nani atamrudisha mfungwa? Huyo anatakiwa apate giza lisilofunguka kabisa. Jicho lisilo na mwanga. Humo hana pa kutembea, analala." Akatikisa shuka lililolowa. "Unaye mtu wa namna hiyo?"

Mama Mkasi aliinamisha uso, na mganga akamwelewa.

"Basi sikia. Binti aweke viganja juu ya macho ya huyo mtu, afumbe yake, mpaka asikie mvumo umekatika. Lakini umwambie kwanza. Umwambie lote, hili ni nini na linakwenda wapi, na akubali kwa kinywa chake. Akikubali, yeye mwenyewe ndiye anafunga mlango, na akifa anakwenda naye. Ukimwingizia kwa hila mlango unabaki wazi, na aliyemo ndani anapata macho ya kutazamia nje. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Wengi husema wamesikia."

Njia nzima Mama Mkasi alipanga maneno. Mdogo wangu, nakuomba. Mdogo wangu, mtoto anakufa. Yalikuwa maneno mepesi, na mtu mwingine yeyote angeyasema. Lakini alipofika uani akamkuta mdogo wake kamlaza binti mapajani, anamwimbia na kumpepea zile kope zilizobandikwa, akakumbuka alivyocheka, giza langu sipangishi mtu. Akajiuliza: akikataa je? Akishakataa, nitamlazimishaje? Mwanamke aliyemkaripia tajiri mbele ya watu alishindwa kumwomba ndugu yake. Akaona ni rahisi zaidi kumwibia.

"Nimeleta dawa ya macho," alisema. "Ya mtoto. Mganga anasema lazima aanze kumpaka mtu wake wa karibu, ndipo imfae na yeye."

Mdogo wake alitabasamu. "Dawa ya macho, mimi? Umechelewa, dada. Ungekuja nayo wakati ule wa surua." Lakini akainua uso, akautega kama mtoto anayeoshwa. "Haya, paka, mwanangu. Kama itakusaidia, nipake hata miguuni."

Kwenye viganja vya binti hapakuwa na dawa, mafuta tu ya kupikia. Mama Mkasi alibandua utepe, akamnong'oneza afumbe macho asiyafumbue hata akiguswa, na binti, anayemwamini mama yake, akaweka viganja juu ya macho ya mama yake mdogo, akafumba yake, akaanza kutetemeka kuanzia magotini, na harufu ya lami iliyoungua ikajaa uani na jua likiwaka, na mvumo ule ukaja mpaka Mama Mkasi mwenyewe akausikia kwenye meno yake, ukapanda, ukapanda, mdogo wake akasema, "Dada, hii dawa ni baridi," kisha akasema, "Dada?" kisha akasema, "Dada, kuna mtu," na Mama Mkasi akamshikilia mabega kwa nguvu asiondoke, akamwambia tulia, ni dawa inaingia, tulia, mpaka mvumo ukakatika.

Binti akafumbua macho. Akapepesa. Akapepesa tena, akaanza kulia kwa furaha, maana hakuona kitu isipokuwa ua na kamba ya nguo. Alilala palepale chini, akalala kutwa, akaamka akaomba chakula. Mama Mkasi alimtazama akila, akajiambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Mdogo wake hakuuliza chochote. Alirudi kazini pamoja nao, akakaa na mabakuli yake. Kiwanda kilianza tena kucheka, mpiga pasi akarudisha meza yake mahali pake, na taa mpya zikawaka vizuri kama fundi alivyoahidi.

Ndipo asubuhi moja Mama Mkasi alipopita pale pembeni akaona bakuli la vifungo vya shati. Vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja, kwa kidole huwezi kuvitofautisha. Mdogo wake alikuwa amevitenga: vya buluu huku, vyeusi kule.

 Alitaka apite, kama hakuona.

"Umezeeka, dada," mdogo wake alisema kwa upole. Alikuwa ameinua uso, macho yametulia juu yake, na hayakupepesa. "Mimi nilikuwa bado nakuona una misuko miwili ya nywele. Kumbe umezeeka hivi."

"Mdogo wangu…"

"Ungeniomba, ningekubali. Kwa ajili ya yule mtoto? Ningekubali kabla hujamaliza kusema." Alipapasa kifungo, akakishona, bila kukitazama. "Nimejaribu kufunga, dada. Nimejaribu kila siku. Mlango haushiki. Ananiambia aliachiwa wazi, na kwamba kuna mahali alikuwa amekaribia kufika."

Mama Mkasi alifungua kinywa. Alikuwa na la kusema moja tu, nalo ni kumpigia kelele mwanawe akimbie. Lakini angeulizwa akimbie nini, na angejibu mbele ya kiwanda kizima, mbele ya binti mwenyewe, alichomtendea mwanamke aliyemlea. Alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kufupi, kama kope kushuka na kupanda.

"Sijawahi kumwona mtoto niliyemlea," mdogo wake alisema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Njoo, mwanangu. Njoo nikuone."

Binti alizima ovaloki akaja akicheka, kwa kuwa mama yake mdogo hakupata kumwita hivyo mbele ya watu tangu alipomaliza shule. Aliketi chini kwenye vipande vya vitambaa, akaweka kichwa kwenye yale mapaja aliyoyazoea. Viganja vikamshika uso pande zote mbili. Macho yale yakamwinamia, wazi, na binti, kwa raha ya kuwa mahali pake salama, akafumba yake.